Nukta Iliyopanda Begani

Watu wa Muko walimjua Tomie Kurahashi kwa mkono wake. Sura yake wengi hawakuwahi kuiona. Kwa miaka thelathini na mitano, kila jina la mchezaji lililopanda kwenye ubao wa uwanja wa besiboli wa Muko, awe mwenyeji awe mgeni, lilitoka kwenye burashi yake: rangi nyeupe ya unga wa chaki uliokorogwa na gundi, juu ya bamba jeusi la chuma lenye kimo cha mtu mzima. Mchezo ukiisha bamba linaoshwa, jina linakwenda na maji, na siku ya pili linaandikwa upya. Maandishi yake yalikuwa manene miguuni na membamba shingoni, na hata aliyekaa safu ya mwisho upande wa pili wa uwanja aliyasoma bila kukunja uso. Wazee wa pale husema hapakuwa na maandishi kama hayo Japani nzima, na hawatii chumvi.

Aliingia kwenye jumba la ubao wakati wa vita. Mwandishi alikuwa baba yake, Jinpachi, lakini kifua kilimbana, ngazi ya chuma ya vidato arobaini na viwili ikamshinda. Vijana wote walikuwa wameitwa jeshini. Tomie, mwanamwali wa miaka ishirini na mitatu, akavaa kofia ya baba yake, akaficha nywele, akapanda. Mwaka uliofuata vita vikala hata paa la chuma la majukwaa, likaenda kuyeyushwa, na uwanja ukapandwa viazi vitamu. Wapo watu Muko ambao mpaka leo hawali kiazi bila kukuambia kwamba vile vilivyoota penye kituo cha pili cha wakimbiaji vilikuwa vitamu kuliko vyote.

Mchezo wa kwanza baada ya vita watu walikuja na viatu vya jeshi vilivyotoboka na matumbo matupu. Hakuna aliyejua nani karudi hai na nani kabaki huko. Basi kila bamba lilipopanda, uwanja mzima ulilisoma kwa sauti, jina moja moja, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Jina walilolingoja lisipotokea, walinyamaza kidogo, kisha wakasoma linalofuata. Tangu siku ile ikawa desturi. Viwanja vingine mchezaji akitangazwa watu hupiga makofi. Muko husoma.

Na desturi hiyo ndiyo iliyomsitiri Tomie alipoanza kupofuka.

Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwanza taa zilianza kuota nywele. Kisha mistari ikawa miwili miwili. Mwaka wa pili alikuwa anaandika kwa kumbukumbu ya bega na kiwiko, kwa sababu mkono ulioandika jina mara mia tano hauhitaji jicho. Barua za dada yake kutoka Okayama zilirundikana kwenye mtoto wa meza bila kusomwa, na jirani akiuliza, Tomie alisema miwani imevunjika. Miwani ile ilivunjika miaka miwili mfululizo.

Aliyejua alikuwa mmoja tu, Gonpei Nakatsuji, mvuta kamba, mzee mwembamba aliyefanya kazi naye tangu mwaka wa viazi. Kila masika ofisi ya uwanja ilipima macho ya wafanyakazi wote wanaopanda juu. Unasimama mbali, unaonyeshwa vijiduara vyenye pengo, unataja pengo liko wapi. Gonpei alitangulia kwenye foleni akataja kwa sauti ya mnadani: "Juu! Kulia! Chini! Chini tena! Kushoto!" Mpimaji akamwambia, "Mzee, mimi si kiziwi." Nyuma yake Tomie akayarudia vilevile, jasho likimtiririka mgongoni, akapita.

"Dada," Gonpei alimwambia walipotoka, "mficha maradhi kilio humfichua."

"Kilio kikija nitakisikia. Masikio ninayo."

Na kweli alikuwa akiishi kwa masikio. Alipomaliza jina, Gonpei alivuta kamba, bamba likapanda, likageukia uwanjani, na wao wawili wakabaki nyuma yake gizani wasione chochote. Kati ya bamba kupanda na watu kusoma palikuwa na pumzi moja. Ndani ya pumzi hiyo Tomie alikuwa akifa. Halafu watu elfu arobaini wakasoma, na wakisoma sawa, alifufuka. Siku yenye mabadiliko mengi ya wachezaji alikufa hivyo mara ishirini, na nyumbani alikunywa chai ya shayiri tu, chakula hakipiti.

Alichoogopa si njaa; kiinua mgongo chake kilikuwepo. Aliogopa kuteremshwa. Aliogopa kuwa bibi wa kawaida anayengoja basi la sokoni, huku mtu mwingine akiandika majina ya Muko. Na naibu meneja wa uwanja, Bwana Shirafuji, kijana mwenye tai na lugha safi, alikwisha kutamka mbele ya wote: "Macho mabovu hayapandi ngazi. Atakayekosea jina moja, atashuka siku hiyo hiyo."

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya msimu, Oktoba mwaka wa sabini na nane, saa saba mchana, jua kali. Timu ya Muko, Nyigu, ilikuwa sawa kwa sawa na timu ya Tokyo, na atakayeshinda siku ile alikuwa bingwa. Nyigu hawakuwa wameonja ubingwa kwa miaka kumi na sita. Mji mzima ulikuwa na homa. Kinyozi alifunga duka. Mabwana harusi wawili waliahirisha. Wengine hawakuwa wamebadilisha soksi tangu Nyigu waanze kushinda mwezi Agosti, na kwenye viti vya jua chini ya ubao harufu ilikuwa shahidi wao.

Hapo chini alitawala Hatsune Deguchi, muuza tofu, vile vipande laini vya maharage ya soya, mama wa kifua kipana, mwenye baragumu dogo la shaba ambalo wauza tofu hupuliza mitaani kuita wateja. Asubuhi liliuza tofu, mchana lilisukuma Nyigu. Hakuwahi kumwona Tomie, lakini kila mchezo alimsalimia akielekeza uso juu kwenye chuma.

"Shangazi wa ubaoni, uko hai?"

Gonpei alijibu kwa kugonga bamba mara mbili kwa ngumi.

"Basi leo tuandikie vizuri! Tukishindwa nakuja huko juu na kisu cha tofu!"

Watu walicheka. Tomie hakucheka. Alijua walivyokuwa. Aliwahi kusikia mito ya kukalia ikirushwa kama theluji, na mwaka mmoja walimzingira refa ndani ya choo hadi polisi wakaja.

Mpaka zamu ya saba kati ya tisa mambo yalikwenda. Nyigu walikuwa na pointi mbili, Tokyo moja. Lakini mrushaji mkongwe wa Nyigu akaanza kuchoka, na Tokyo wakajaza watu kwenye vituo vyote vitatu huku ametolewa mpigaji mmoja tu kati ya watatu wanaomaliza zamu. Pigo moja zuri, na ubingwa unapanda treni kwenda Tokyo.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa mtangazaji, akihema. "Nyigu wanabadilisha mrushaji. Anaingia Ota."

"Ota yupi?" Tomie akauliza. Kwenye karatasi ya wachezaji aliyosomewa na Gonpei hakuwahi kusikia Ota. "Mwenye nukta au asiye na nukta?"

"Mwenye nukta! Kijana wa miaka kumi na tisa, kaletwa juzi. Harakisheni!"

Sasa, kwa Kijapani Ota huandikwa kwa alama mbili, kila moja na maana yake, na ya pili ni ya shamba. Ya kwanza ni ya ukubwa, mtu aliyesimama na mikono kaitandaza. Wapo akina Ota wanaoiacha hivyo, na wapo wanaoitia nukta chini, kati ya miguu. Nukta hiyo hiyo ikipanda juu, ikikaa kwenye bega la kulia, ukubwa umekwisha: hiyo ni alama ya mbwa. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo, na kila darasa lina mtoto aliyechapwa kwa hilo.

Jina ambalo mkono wa Tomie haukuwa na kumbukumbu nalo, na haraka, na macho yanayomwonyesha mistari miwili. Alichora mikono, akachora miguu. Akaona alama mbili zimepandana, moja juu ya nyingine, na miguu ya ile ya juu ikamkalia kwenye bega la ile ya chini. Akaitafuta nafasi kati ya miguu. Akaigusa kwa burashi. Nukta ikakaa. Alama ya shamba mkono uliijua, akaimalizia.

"Vuta," alimwambia Gonpei.

Gonpei hakutazama. Kamba ilikuwa imekwama kwenye kapi, naye alikuwa akiitukana. Bamba likapanda, likageuka.

Pumzi moja. Ya pili. Ya tatu. Kisha watu elfu arobaini wakasoma, wakisitasita, kama watoto wanaohisi mwalimu kawategea:

"I... nu... ta?"

Shamba la Mbwa.

Kutoka upande wa Tokyo ukaja mlipuko wa kicheko, na baada ya kicheko, kubweka. Mtu mmoja kwanza, halafu mia, halafu jukwaa zima la wageni: "Wau! Wau! Wau!"

"Gonpei," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Wanabweka nini?"

Gonpei alichungulia kwenye tundu la pembeni, akarudi na uso mweupe kama rangi yao. "Dada, umempa nukta begani. Umeandika mbwa."

"Lishushe!"

"Refa kesharuhusu! Mchezo unaendelea, bamba haligeuzwi mpaka wabadilishane zamu. Sheria unaijua."

Aliijua. Aliketi juu ya ndoo ya rangi. Alimfikiria yule kijana, Ota, amesimama peke yake kwenye kile kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, mara ya kwanza maishani, vituo vyote vimejaa, na watu wa Tokyo wanambwekea. Mtoto wa watu. Mama yake labda anasikiliza redioni. Akaziba masikio, kisha akayazibua, maana ndiyo macho aliyobaki nayo.

Ndipo baragumu la tofu likalia, refu, la hasira, na sauti ya Hatsune ikapanda hadi ndani ya chuma.

"Nyinyi wa Tokyo! Mnamcheka mbwa wetu? Mbwa wa kwenu anakula keki, anavishwa koti! Huyu ni mbwa wa Muko! Kalelewa na vichwa vya samaki! Haya, Inuta, mwanangu, ng'ata!"

Akabweka. Mama mzima, muuza tofu, akabweka. Viti vya jua vikabweka naye. Halafu kushoto, kulia, wazee, wafanyakazi wa viwandani, mama aliye na kitoto mgongoni, uwanja wote wa Muko ukabweka hadi kapi zikatikisika na unga wa chaki ukadondoka kutoka darini. Tokyo hawakusikika tena.

Gonpei akageuka mtangazaji kwenye tundu lake. "Karusha. Mpigaji kakosa! Karusha tena. Kakosa! Dada, huyu mtoto ana mkono! Katoka! Mpigaji katoka! Bado mmoja... Kapiga juu, juu, uko hewani... Umedakwa! Zamu imekwisha!"

Tomie hakuweza hata kufurahi. Alikuwa akisikiliza ngazi. Mtu alikuwa anapanda, kidato baada ya kidato, viatu vya ngozi.

Simu ikalia kabla hajafika. Alikuwa kocha wa Nyigu, kutoka kwenye benchi. "Msiguse jina! Mwacheni awe mbwa! Atakayeligusa namvunja mkono!" Ikakatwa.

Bwana Shirafuji akaingia, tai imepinda, kijasho kwenye mdomo. Miaka mitatu hakuwahi kupanda humo.

"Nani kaandika?"

"Mimi," Gonpei akasema upesi.

"Wewe?"

"Mimi. Dada alikuwa anakunywa maji. Nikasema ngoja nijaribu."

Shirafuji alimtazama, akatazama bamba la akiba lililoegemea ukuta, ambalo Gonpei alikuwa ameandika TAHADHARI RANGI MBICHI kwa maandishi kama kuku aliyekanyaga tope. "Mzee Nakatsuji," alisema, "mimi nimezaliwa mtaa wa pili hapo. Nimejifunza kusoma nikiwa mabegani kwa babu yangu, kwenye huu ubao. Usiniambie mimi mkono wa nani ni wa nani."

Akachomoa karatasi mfukoni, akaishika mbele ya uso wa Tomie. "Bi Kurahashi, nisomee mstari wa kwanza."

Tomie aliitazama. Weupe, na ndani yake mchwa wanatembea. Angeweza kubahatisha. Alifungua mdomo ili abahatishe.

"Soma tu, mama."

"Siwezi," alisema.

Shirafuji akakunja karatasi polepole. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kitu asichokitaka. "Tangu lini?"

Tomie akarudi kwenye ndoo yake. Zamu ya nane ikapita kama moshi, Ota akang'ata wapigaji wengine, na sasa ilikuwa zamu ya tisa, Tokyo wanapiga mara ya mwisho, wamebakiwa na mpigaji mmoja na wana mtu kituo cha kwanza. Simu ikalia. Tokyo wanaingiza mpigaji mpya. Washio.

Jina la Washio huanza na alama ya ndege tai, michoro ishirini na mitatu, msitu mzima. Gonpei akarudi nyuma mikono juu. "Mimi hiyo hata kwa penseli siiwezi."

Shirafuji akatazama burashi, akatazama simu, akamtazama yule mama. Akavua koti.

"Mimi nitakuwa macho," alisema. "Wewe andika."

Akasimama nyuma yake, kidevu karibu na bega lake. "Anzia hapo. Shuka. Umepita kidogo, rudi kulia. Hapo. Acha nafasi ya kidole." Waliandika hivyo, wakitweta kama wabeba jeneza, alama ya tai, halafu ya mkia inayomalizia jina. Gonpei akavuta.

Pumzi moja.

"Wa-shi-o!" uwanja ukasoma, wazi, bila kusita.

Na Washio akaupiga mpira wa kwanza kabisa. Mpira uligonga ukuta wa chuma chini ya miguu yao, ndani ya viti vya jua, ngang! kama kengele ya msiba. Mpira uliovuka uzio ulimrudisha mpigaji na mwenzake wa kituo cha kwanza: tatu kwa mbili, Tokyo juu. Nyigu walipopata zamu yao ya mwisho hawakugusa mpira hata mmoja. Ubingwa ukaenda Tokyo.

Baadaye kelele za Tokyo zikaondoka kuelekea stesheni, lakini chini ya ngazi watu hawakuondoka. Tomie aliwasikia. Mamia, wanakanyagakanyaga, hawaimbi.

"Usishuke," Shirafuji alisema. "Nitaita walinzi."

Tomie akaisikia sauti ya Hatsune: "Huyo aliyemwandika mbwa! Ashuke tumwone!"

Miaka thelathini na mitano aliwaandikia, na leo, siku waliyoingoja miaka kumi na sita, alilivuruga jina la mtoto wao mbele ya Tokyo. Angeweza kukaa humo hadi polisi waje, kama yule refa chooni. Hilo lilimwuma kuliko hofu. Akaufungua mlango, akapapasa chuma cha ngazi, akashuka kinyumenyume, Gonpei akitangulia kumwekea mguu kwenye kila kidato. Alipofika chini aligeuka. Aliona ukungu wenye vichwa.

"Ni mimi," alisema. "Mnisamehe. Sioni. Nina mtoto wa jicho, mwaka wa pili huu."

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa upole, "Lakini mbona majina yote yalikuwa sawa?"

"Nilikuwa nawasikiliza mkisoma. Mkisoma sawa, najua niko sawa."

Akasikia nyayo nzito zinamjia, akasikia harufu ya tofu na jasho. Alijikaza asirudi nyuma.

"Shangazi," Hatsune akasema karibu na uso wake, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kubweka, "huoni? Una bahati gani! Sisi tumeiona ile zamu ya tisa kwa macho yetu mazima."

Mtu akakoroma kicheko puani. Mwingine akadakia, "Halafu unamkosea mtoto wetu, yule Washio unamwandika vizuri! Huyo ndiye ungempa nukta!"

"Nukta kumi!"

"Ungemwandika kuku!"

Wakacheka, wale watu walioshindwa, wenye soksi za Agosti, wakacheka huku wengine wanalia, na Hatsune akamkamata mkono juu ya kiwiko kwa kiganja kama koleo. Tomie hakucheka.

"Bi Kurahashi hapandi tena," Shirafuji aliwatangazia kutoka kwenye ngazi, "mpaka daktari aandike kwamba anaona." Wakamzomea. Hakurudi nyuma. "Na mpaka aandike, bamba lake halitaguswa na mtu mwingine. Tutatumia ubao wa mkono wa shuleni, mtuzomee msimu mzima."

Kwa hiyo lililobaki lilikuwa kisu cha upasuaji. Daktari wa macho wa mji wa Amagasaki alimpa tarehe ishirini na moja Novemba, saa tatu asubuhi, jicho la kushoto kwanza, na hakumficha kwamba wapo wanaotoka bila kuona kabisa. Tomie alihesabu siku zilizobaki kila alfajiri akiwa amelala chali. Hakumwambia mtu kwamba haogopi. Hatsune alipomuuliza mlangoni, beseni la tofu mkononi, alijibu mara moja.

"Naogopa sana."

"Basi nitakuja saa mbili," Hatsune alisema. "Tutaogopa njiani."